Njia ya majeruhi: Muhimbili hadi delta ya Rufiji, na kurudi

Nimesharudi Dar, nguo zimefuliwa, na daftari langu la kaunta lililolowa kwenye boti limekauka kiasi cha kusomeka. Ninayoandika hapa nimeyaunga kutoka humo na kwenye picha za simu, kwa hiyo penye saa zisizokaa sawa msinishike sana.

Kwa wasionifahamu, mimi ni muuguzi. Sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa mapokezi ya dharura hapa mjini, na sasa nipo masomoni naandaa andiko la utafiti juu ya yanayompata majeruhi kabla hajafika hospitali, hasa anayetokea vijijini. Msimamizi wangu alisoma rasimu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hii njia unayoieleza umeipita?" Nilikuwa nimeipita kwa basi la usiku kwenda msibani Lindi, nimelala mdomo wazi. Nikafunga begi.

Jumapili, Upanga

Nilianzia pale majeruhi wanapoishia. Idara ya tiba ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, ya kwanza ya aina yake nchini, na hapo hapo kwenye eneo hilo ipo MOI, taasisi ya mifupa, ambako watu waliovunjika hufikishwa kutoka karibu kila mkoa. Mchana ule nilikaa kivulini, si kwa kazi, kuangalia tu nani analetwa na nini. Ilikuja Noah yenye mbuzi nyuma. Ikaja bajaji, miguu ya mtu imetokeza nje na shemeji yake anaishikilia. Ikaja pikapu ya polisi. Ambulansi nazo zilikuja, lakini karibu zote nilizoulizia zilikuwa za rufaa, zinamtoa mgonjwa hospitali moja kumpeleka nyingine. Aliyeokotwa barabarani alikuja na aliyemwokota.

Usiku nikarudia makala ambayo kila anayegusa mada hii huanzia nayo. Daktari wa upasuaji wa Norway, Hans Husum, na wenzake waliitoa mwaka 2003. Kati ya 1997 na 2001, kaskazini mwa Iraki na kaskazini magharibi mwa Kambodia, kwenye vijiji vilivyojaa mabomu ya ardhini, walifundisha wahudumu 135 wa kwao huko huko, na hao wakafundisha wanakijiji 5,200 huduma ya kwanza. Waliwafuatilia majeruhi 1,061. Wastani wa muda wa kumfikisha mtu hospitali ulikuwa saa 5.7, na haukuwa muda wa kupunguzwa kirahisi, kwa sababu milima ni milima. Hata hivyo vifo, ambavyo kabla ya mradi vilikadiriwa kufika asilimia 40, vilishuka hadi asilimia 14.9 kwa kipindi chote. Hawakuwa na helikopta. Walikuwa na watu wanaojua kufungua njia ya hewa, kuzuia damu na kumpa mtu joto, na watu hao walikuwa wanaishi jirani na lilipotokea tukio.

Nina mashaka yangu na utafiti huo na nitayasema mbele. Ila ile saa 5.7 niliiandika kwenye jalada la daftari, nikasema nitaipima na saa za kwetu.

Kwa atakayefuata njia hii: toa pesa taslimu ukiwa bado mjini, na uzitoe ndogo ndogo. Mawakala wa simu wapo hadi Nyamisati, lakini wakala kuwepo na wakala kuwa na pesa ni mambo mawili.

Jumatatu, Mbagala Rangi Tatu

Daladala kutoka Kariakoo, foleni ya kawaida, jua la kawaida. Rangi Tatu nilikuwa na miadi na vijana wa kijiwe kimoja cha bodaboda, kupitia kaka yangu anayeegesha pale. Nilifika na soda za kuwatosha na bado wakanikagua kwanza.

"Dokta, wewe ni wa serikali?"

"Mimi nesi. Na niko likizo."

Wakacheka, mambo yakafunguka. Kijana mmoja, wanamwita Side, akanionyesha wanavyombeba aliyegongwa. Mshikaki: dereva mbele, majeruhi katikati, mtu wa tatu nyuma anamkumbatia ili asianguke. Akamkalisha mwenzake katikati kama mfano, kichwa kikaanguka mbele, kidevu kikagusa kifua. Pale pale nikawasimamisha. Nikamwambia yule wa katikati abaki hivyo hivyo na ajaribu kuvuta pumzi ndefu. Akakoroma. Aliyezimia akikaa namna ile, ulimi na kidevu vinamziba, na kutoka Kongowe hadi hospitali anaweza kufa kwa kukosa hewa huku jeraha lenyewe lisingemuua. Tukavuta bajaji, tukamlaza ubavu, goti la juu limekunjwa, uso umeelekea chini kidogo ili damu na matapishi yatoke. Side akauliza swali ambalo wakufunzi wengi hulikwepa: na shingo je, ikiwa imevunjika? Nikamwambia mshikeni kichwa na mwili vigeuke pamoja, lakini hewa ndiyo ya kwanza.

Waliponikamata hasa ni kwenye suala la polisi. Mtu aliyeumia kwa ajali au kwa kupigwa anatakiwa awe na PF3, ile fomu ya polisi. Serikali imeshasema mara nyingi kwamba mwenye hali mbaya atibiwe kwanza na fomu ifuate, na hospitalini tunajua hivyo. Kijiweni hawajui hivyo. Wanachojua ni kwamba ukimfikisha mtu mwenye damu, swali la kwanza ni nani kamgonga, na wewe ndiye uliyesimama pale na pikipiki. Mmoja alimwacha mtu getini akaondoka bila kuzima injini. Hakulisimulia kwa kujutia. Alilisimulia kama ushauri kwa wadogo zake.

Wenzetu walianza zamani kufundisha watu wa aina hii. Ghana, madereva 335 wa magari ya biashara walipewa mafunzo, na makala yake ya kwanza ikatoka 2002. Kampala walifundisha watu 307, wakiwemo polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, ikachapishwa 2009. Ninachopenda kwenye ile ya Kampala ni kwamba polisi na madereva walijifunza kitu kimoja. Pale Rangi Tatu hilo peke yake lingeondoa nusu ya woga.

Jumanne, Rangi Tatu – Bungu – Nyamisati

Kosta ya Nyamisati, elfu nane. Niliambiwa inaondoka saa mbili, ikaondoka ilipojaa, saa nne kasorobo. Kaa upande wa kushoto kwenda kusini, asubuhi jua litakuunguza lakini baada ya saa sita utawaonea huruma wa kulia.

Kongowe, Vikindu, Mkuranga. Hapo lami ni nzuri na ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu malori ya kusini na pikipiki za mihogo wanagawana njia moja. Mkuranga kituo cha dakika kumi: mihogo ya kukaanga na kachumbari, buku. Kupita Kimanzichana tukasikia mlio, tairi la nyuma. Tulikaa Jaribu Mpakani zaidi ya saa nzima. Mama muuza machungwa aliona nimesimama juani akanisogezea ndoo nikalie, akanimenyea chungwa, na nilipotoa pesa akasema, "Hilo la kukaribishwa, mwanangu. La pili ndiyo ununue." Nikanunua sita.

Nikatumia muda ule kumuuliza konda kama gari lina kisanduku cha huduma ya kwanza. Lilikuwa nacho, chini ya kiti cha dereva, kimefungwa kwa waya. Tukafungua. Ndani: pamba, spiriti iliyokauka, na leseni ya gari iliyokwisha muda. Konda mwenyewe alicheka hadi akakaa chini.

Bungu tunaacha lami kushoto kuelekea pwani. Mchanga, mikorosho, minazi, tena mchanga. Nyamisati tukafika jua likiwa limeelemea mikokoni. Ni bandari ndogo ya waendao Mafia, na kama huko ndiko unakokwenda uliza saa za kivuko siku moja kabla, maana zinafuata maji na si kalenda yako. Gesti elfu kumi na tano. Chandarua kina matundu, nikayafunga kwa raba za nywele. Wali wa nazi na kamba, elfu tano, na sijawahi kula kamba watamu vile kwa bei hiyo Posta wala Kariakoo.

Jumatano, mtoni

Nahodha, mzee wa makamo ambaye kila mtu anamwita Mjomba, alisema tutaondoka maji yakijaa. Nikamuuliza saa ngapi. Akaangalia mlingoti uliosimikwa kwenye tope, akasema, "Yakifika pale." Yalifika pale saa tano na nusu.

Hili ndilo sikulijua kwa kusoma. Delta ya Rufiji ni vijito vingi vinavyozunguka kwenye mikoko, na maji yakitoka boti inalala kwenye tope hadi bahari irudi. Hakuna injini, hakuna pesa, hakuna simu kwa mkuu wa wilaya itakayobadilisha hilo. Mtu akijikata panga maji yakiwa yameanza kupwa, anakaa. Anakaa saa sita, labda zaidi, akiwa na yeyote aliyepo pale.

Kijiji tulichofikia ni cha wavuvi na wakulima wa mpunga. Zahanati ipo, na nesi wake, dada mmoja wa kutoka Iringa, alinipokea kama ndugu aliyepotea. Ana gloves, ana uzi wa kushonea, ana dripu chache. Bandeji za kubana alikuwa hana. Nilimwachia zangu zote na nikatamani ningebeba nyingi.

Tulikwenda kwa kijana aliyeanguka kutoka kwenye mnazi mwaka jana. Sasa anatembea, mguu mmoja mfupi kidogo. Bibi yake ndiye aliyesimulia, maana yeye ndiye aliyemhudumia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuutazama mguu? Utazame, nimeufunga mimi."

Alianguka alasiri, paja limevunjika, maji yametoka. Bibi alichana kanga mbili kuukuu, akakata vijiti vya mkoko, na kabla ya kufunga akamwambia mjomba wa kijana auvute mguu taratibu kwa kisigino, aushikilie, asiuachie hata akipiga kelele. Kisha akafunga kuanzia chini kwenda juu. Nilimuuliza nani alimfundisha kuuvuta kwanza. Akanitazama kama niliyeuliza nani kamfundisha kupika wali. Paja linavuja damu ndani lita moja au zaidi bila wewe kuona hata tone, na kulivuta na kulituliza ndiyo kinachopunguza. Kijana alilazwa kwenye mlango uliong'olewa, wakamsafirisha usiku maji yaliporudi. Alifika Dar kesho yake jioni, kapita vituo viwili njiani. Kimoja kilikuwa na gari la wagonjwa lakini familia iliambiwa ichangie mafuta. Walichanga. Kituo chenyewe sikitaji, maana hilo nimelisikia sehemu nyingi mno kulibandika kwa mmoja.

Alhamisi, bado tupo kule kule

Upepo. Mjomba alikataa kutoka na sikumbishia.

Nesi akapeleka habari, watu wakakusanyika chini ya mwembe: wavuvi, mabalozi, mama wa genge, vijana wa kubeba mkaa. Tulifanya mazoezi kwa kanga na chupa ya maji yenye rangi ya chakula. Nilimpa mvuvi mmoja mwenye mikono mipana akandamize "jeraha" kwenye paja la mwenzake huku mimi nikibana chupa. Alikandamiza, akachungulia, akakandamiza, akachungulia. Kila akichungulia maji mekundu yalitoka, watu wakapiga kelele. Mara ya nne mama wa genge akamkaripia: "Acha kuchungulia, wewe! Kwani linakimbia?" Kuanzia hapo hakuinua tena mkono. Nimefundisha somo hilo darasani kwa slaidi na halikuwahi kukaa namna ile.

Tulibishana kuhusu kamba. Kule, mtu akikatwa au akiumwa na nyoka, wanafunga kamba ya nailoni juu ya jeraha kwa nguvu zote. Jeshini siku hizi wanatumia mikanda maalumu ya kukaza na inaokoa maisha, hospitali ikiwa si mbali na aliyeifunga akiandika saa. Kamba nyembamba ya kuvulia, ikaachwa tangu maji yapwe hadi yajae na tena hadi Kibiti, inaua mguu wenyewe, na ikiwa imelegea inazuia damu kurudi tu, jeraha linavuja zaidi. Timu ya Husum ilifundisha njia nyingine kwa mazingira ya safari ndefu: jaza kitambaa ndani ya jeraha, kandamiza, kisha zungusha bandeji ya kubana mguu mzima, ukiwa umeinuliwa. Wavuvi hawakukubali wote. Mzee mmoja alisema kamba yake imeshaokoa watu wawili, na sikuwa na sababu ya kumwita mwongo. Kwa nyoka, hata hivyo, nilikaza: msifunge, mlazeni, mguu usitembee, mleteni.

La baridi liliwashangaza. Rufiji, baridi? Lakini mtu aliyepoteza damu, kalala chini ya boti yenye maji usiku, upepo wa bahari unampiga, mwili wake unashuka joto, na damu iliyopoa haigandi vizuri. Kumvua nguo mbichi na kumfunika turubai juu na chini ni tiba. Mjomba akasema tangu siku hiyo atabeba mkeka mkavu na turubai. Nitamuuliza.

Na malaria. Husum na wenzake waliona Kambodia kwamba majeruhi wengi waliokuwa wanaishi na vimelea bila kuumwa, malaria ililipuka siku chache baada ya kujeruhiwa. Rufiji ni nchi ya malaria tangu enzi na enzi. Hospitalini, mtu aliyefanyiwa upasuaji akipata homa sisi tunatafuta usaha kwanza. Nesi wa zahanati alisema yeye humpima kila aliyeumia akipandisha homa, bila kuambiwa na mtu. Nimeliandika hilo kwa kalamu nyekundu.

Ijumaa, Nyamisati – Kibiti

Kurudi Nyamisati kwa boti, pikipiki hadi Bungu elfu kumi na mbili baada ya kubishana, kosta hadi Kibiti. Sina la kuongeza zaidi ya vumbi.

Kibiti nilifika watu wanatoka msikitini. Biriani ya Ijumaa kwa mamantilie wa karibu na stendi, elfu nne, na aliponiona nimechoka akanionyesha bomba nyuma ya jiko nioge uso na miguu.

Jioni nilikaa na bodaboda mmoja wa umri wangu, na mazungumzo yakaenda yenyewe hadi 2017. Wengi wenu mnakumbuka: viongozi wa vijiji na askari waliuawa mmoja mmoja kwenye wilaya hizi, na Aprili 13 mwaka huo askari wanane wakauawa kwa mara moja. Pikipiki zikapigwa marufuku kuanzia saa kumi na mbili jioni. Alinieleza maana yake kwa upande wake. Mtu akiumia saa moja usiku, hata kwa kuteleza kisimani, hakuna anayetoka. Simu zinapigwa, kila mmoja anasema subirini kukuche. Dereva anaogopa wenye bunduki porini, na anawaogopa pia wenye bunduki barabarani, kwa sababu gizani hakuna atakayeuliza kwanza. "Tulikuwa tunamsikiliza mtu anaugua mpaka alfajiri," akasema.

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu maeneo yenye machafuko, na picha inayokuja ni risasi. Kumbe anayekufa anaweza kuwa ameanguka mwembeni, na alichofanya mwenye bunduki ni kuufunga usiku tu. Kwenye hesabu yoyote ya waliokufa kwa machafuko hayumo.

Hapa ndipo yalipo mashaka yangu na zile namba za Iraki na Kambodia. Walilinganisha kabla na baada. Hapakuwa na wilaya nyingine ya kulinganisha nayo miaka ile ile. Na majeruhi anahesabiwa pale mtu aliyefunzwa anapomfikia. Anayeugua hadi alfajiri bila kufikiwa hayumo kwenye 1,061 ya mtu yeyote. Zaidi ya hapo, bomu la ardhini linakata mguu na damu inaonekana. Pikipiki inapiga kichwa, na kwa kichwa kilichovuja ndani bandeji haina kazi. Kwa haki yao, waliendelea kuhesabu. Mudhafar Murad na wenzake walitoa matokeo ya miaka kumi ya Iraki mwaka 2012: ajali za barabarani zilikuwa zimechukua nafasi ya mabomu, na vifo vilishuka kutoka asilimia 17 hadi 4. Mtandao uliojengwa kwa ajili ya vita uligeuka kuwa wa barabara. Hilo ndilo linanifanya niendelee na andiko.

Jumamosi, Ikwiriri

Nilikwenda kumwona dereva wa teksi aliyesajiliwa na m-mama. Kwa wasioujua, ni mpango wa taifa wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga: unapiga 115 bure, na kama ambulansi haipo wanampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, anambeba mama hadi kituoni, analipwa kwenye simu. Ulianzia Kanda ya Ziwa na 2022 ukazinduliwa kwa nchi nzima.

Dereva anausifu. Pesa inaingia. Akanionyesha ujumbe wa malipo ya wiki iliyopita. Nikamuuliza wakipiga simu kwamba kuna ajali ya pikipiki Muhoro. Akasema hiyo si yao. Ile namba ni ya mama na mtoto. Anakwenda?

"Naenda nikimjua mtu. Nisipomjua, dada, nitakudanganya nini."

Kuna namba ya simu, kuna dereva, kuna bei kwa kilomita, kuna njia ya pesa kumfikia usiku ule ule. Vyote vipo, na barabara ni ile ile. Aliyevunjika paja hayupo kwenye orodha. Nilidhani andiko langu litahusu mafunzo. Kufikia supu ya samaki ya mchana nilikuwa nimefuta kichwa cha habari na kuandika kingine kinachoanza na malipo.

Alasiri nikapanda hadi Daraja la Mkapa kupiga picha, nikarudi. Mto ulikuwa umetulia. Wanaokwenda mbele wakati wa masika waulize kwanza hali ya Somanga. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara hii na kusini ikakaa siku kadhaa bila kufikika kwa gari.

Jumapili, kurudi Dar

Kosta ya alfajiri kutoka Kibiti, elfu saba, kiti cha mbele kwa hisani ya dereva mwenye mguu unaomvimba, aliyesikia kwamba nesi yupo garini. Nikamtazama kidole cha mguu hadi Bungu. Gauti, kwa dalili zote. Nikamwambia akapime na apunguze nyama.

Njiani nikajumlisha saa zangu. Kusubiri maji asubuhi ile, boti, pikipiki hadi Bungu, kosta, foleni ya kuanzia Kongowe, daladala hadi Upanga: saa kumi na moja na dakika kadhaa, bila kuhesabu nilizolala na kula. Mtu mzima, mchana, mwenye nauli mfukoni. Zile saa 5.7 za Iraki na Kambodia zilikuwa kwenye jalada, wino umetawanyika kwa maji ya mtoni lakini zinasomeka.

Vikindu tulikuta ajali, pikipiki na fuso. Watu wameshazunguka. Dereva akapunguza mwendo, akanitazama, akasimama. Kijana alikuwa na fahamu, mkono umevunjika, jeraha kichwani linalotoka damu nyingi kama vichwa vinavyotoka. Konda alivua fulana yake. Nilimwonyesha pa kukandamiza, na sikuhitaji kumwambia asichungulie, maana nilimshika mkono. Abiria wawili wa nyuma walihama viti bila kuombwa, tukamlaza. Mmoja alinung'unika kuhusu kuchelewa, akanyamazishwa na kosta nzima. Tulimshusha kituo cha afya kilichokuwa mbele yetu, wakampokea vizuri na haraka, fomu ikazungumzwa baadaye, na dereva hakuulizwa zaidi ya jina.

Tulipoondoka akaangalia kiti. Damu ilikuwa imeingia kwenye sponji.

"Sista, hii kufua viti elfu kumi na tano, na leo gari halitembei tena mpaka kikauke. Tajiri nitamwambia nini?"

Nilimpa elfu kumi iliyobaki kwenye pochi. Abiria wakachanga mia tano mia tano, konda akiwa kifua wazi akazipokea kwenye kofia. Zilifika elfu kumi na tisa, na tukaanza kubishana kama zile za ziada ni za fulana.